Taa ya fedha ya Silvanus: kisa cha Cirta na swali la mtumishi aliyeanguka

Mchungaji au padre akipatikana na kosa zito, waumini huanza kujiuliza juu yao wenyewe kabla hawajauliza habari zake. Mtoto wetu alibatizwa na huyu, ndoa yetu alifungisha yeye, marehemu mama alipokea meza ya Bwana kutoka mikononi mwake: je, ilishika au haikushika? Swali hilo liliigawa Afrika ya Kaskazini kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwa bahati njema nyaraka za mahakama za wakati huo zimetufikia. Kisa kimoja ndani yake, cha Silvanus wa Cirta, kinastahili kuchambuliwa pole pole. Kinaonyesha kitu ambacho mabishano ya jumla huwa hayaonyeshi: kudai watumishi wasio na doa hakulisafishi kanisa, bali hulifundisha kuficha.

Siku ya msako

Februari 303 Kaisari Diocletian alitoa amri makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe. Tarehe 19 Mei msimamizi wa mji wa Cirta (leo ni Constantine, Algeria) alifika na makarani wake kwenye nyumba ambamo Wakristo walikuwa wakikutania. Askofu Paulus alikuwa ameketi, makasisi wakiwa pamoja naye, mashemasi na mashemasi wasaidizi wamesimama. Aliambiwa atoe maandiko ya sheria yao na chochote kingine walichokuwa nacho. Akajibu kwamba maandiko yako kwa wasomaji, ila vilivyomo ndani watavitoa. Alipotakiwa kuwataja wasomaji hao, alisema makarani wa mji wanawajua wote.

Karani akaorodhesha kilichotolewa: vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, mitungi 6 ya fedha, chungu kimoja cha fedha, taa 7 za fedha, vinara na taa za shaba. Kisha nguo: kanzu za kike 82, shela 38, kanzu za kiume 16, jozi 13 za viatu vya kiume na jozi 47 vya kike. Hesabu hiyo ya nguo si ya mavazi ya ibada. Inaelekea ilikuwa akiba ya kuwavika maskini, wajane hasa, na ndiyo picha bora tuliyo nayo ya kazi ambayo kanisa la mji huo lilikuwa likifanya kimya kimya kabla ya msako.

Katika maktaba makabati yalikutwa matupu. Hapo ndipo Silvanus, wakati huo shemasi msaidizi tu, alipoleta kisanduku cha fedha na taa ya fedha akisema amevikuta nyuma ya mtungi. Karani mmoja akamwambia: usingevipata ungekuwa maiti. Shemasi msaidizi mwingine, Catullinus, alitoa kitabu kimoja kikubwa. Yeye na mwenzake Marcuclius walipobanwa wawataje wasomaji, walikataa: sisi si wasaliti, tuko hapa, amuru tuuawe. Wakakamatwa. Wengine wakataja majina, na msafara ukapita nyumba kwa nyumba. Felix fundi wa sakafu za vijiwe alitoa vitabu 5, Victorinus 8, mwalimu wa sarufi aitwaye Victor akatoa 2 na makaratasi ya vitabu ambavyo havijashonwa, na kwa Coddeo mkewe ndiye aliyeleta 6.

Asomaye orodha hii kwa haraka atataka kugawa watu mafungu mawili, mashujaa na wasaliti. Nyaraka zenyewe hazikubali mgawanyo huo. Catullinus alitoa kitabu, na dakika chache baadaye akawa tayari kufa ili asiwataje wenzake. Askofu alitoa vyombo vyote, lakini jina hakulitoa. Hofu na uaminifu vilikuwa ndani ya mtu yuleyule, asubuhi ileile.

Mshitakiwa anakuwa hakimu

Mateso yalipopungua, Cirta ikahitaji askofu mpya. Jina la Silvanus lilipotajwa, sehemu ya watu ilipiga kelele kwamba huyo alikabidhi vitu vya kanisa, wanataka mwenyeji wao mwingine. Hawakusikilizwa. Mashahidi walieleza baadaye kwamba mtu wa uwanja wa michezo alimbeba Silvanus mabegani, na watu waliompinga walikuwa wamefungiwa.

Karthago nako, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi (leo uko Tunisia), kiti cha askofu kilikuwa wazi. Askofu Mensurius alifariki karibu na mwaka 311, na shemasi mkuu wake Caecilianus akawekwa mahali pake. Alikuwa na maadui. Lucilla, mwanamke tajiri, alikuwa na desturi ya kubusu mfupa wa aliyedaiwa kuwa shahidi wa imani kabla ya kupokea ekaristi; Caecilianus alimkemea mbele za watu, naye hakusahau. Maaskofu wapatao 70, wengi wao wa Numidia, jimbo ambamo Cirta ilikuwamo, walikutana Karthago, wakamkataa Caecilianus kwa hoja kwamba mmoja wa waliomwekea mikono, Felix askofu wa Aptunga, alikabidhi Maandiko wakati wa mateso. Mikono michafu, walisema, haiwezi kutoa Roho Mtakatifu. Wakamweka Majorinus, mtu wa nyumbani kwa Lucilla, na baada yake Donatus, ambaye kundi lao lilichukua jina lake: Wadonati.

Silvanus alikuwa mmoja wa waliosimama upande wa mashitaka. Aliyetoa taa ya fedha mwaka 303 alikuwa sasa akimhukumu mwingine kwa sababu ya vitabu.

Haki inatudai tuwasikilize Wadonati pia. Hawakuwa wakorofi tu. Mwaka 304 Wakristo 49 wa Abitina walikamatwa kwa kukutana siku ya Bwana na kupelekwa Karthago kuteswa, na watu wao hawakuweza kuvumilia kwamba waliosalimu amri wangerudi madhabahuni kama vile hakuna lililotokea. Pia walikuwa na mwalimu wa kumtegemea: Cyprianus, askofu shahidi wa Karthago, aliyekuwa amefundisha, na sinodi ya maaskofu 87 mwaka 256 ikamuunga mkono, kwamba ubatizo wa nje ya kanisa si ubatizo. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Kasoro ilikuwa mahali walipoutegemeza.

Ushahidi unapochunguzwa

Shitaka dhidi ya Felix wa Aptunga lilifika kwa liwali Aelianus, Februari 315. Aliyekuwa hakimu wa Aptunga mwaka 303 alieleza kwamba kiti cha askofu na barua vilichukuliwa mahali pa ibada. Watu walipotumwa nyumbani kwa Felix, mwenyewe hakuwapo. Halafu likafumuka jambo jingine. Mtu aitwaye Ingentius alikuwa amemwendea hakimu huyo akijifanya ametumwa na Felix, akiomba barua ya kuthibitisha kwamba vitabu 11 vya thamani vilichomwa mwaka ule. Hakimu alikataa kusema uongo, akaandika tu yaliyotokea. Ingentius akaongeza chini ya barua maneno yake mwenyewe, yakimwonyesha Felix akiruhusu ufunguo uchukuliwe na vitabu viondolewe, mradi maofisa wasiguse mafuta na ngano. Kughushi kulibainika. Felix akaachiwa huru, Ingentius akazuiliwa.

Kwa maneno mengine, shitaka lililovunja kanisa la nchi nzima lilikuja kutetewa kwa aya ya kughushi.

Miaka mitano baadaye, tarehe 13 Desemba 320, zamu ikawa ya Silvanus. Shemasi wake Nundinarius, aliyegombana naye, alimpeleka mbele ya gavana Zenophilus. Shahidi wa kwanza alikuwa Victor, yule mwalimu wa sarufi. Alisema alikimbilia mlimani siku ya msako na hajui chochote. Kumbukumbu ya tarehe 19 Mei 303 ikasomwa neno kwa neno, pamoja na vitabu vyake 2 na makaratasi yake, na hakuwa na pa kujificha tena. Baada yake mashahidi walikubali kwamba Silvanus alitoa kisanduku na taa. Yakaja na mengine: Lucilla alikuwa ametoa mifuko 400 ya fedha wakati Majorinus anawekwa, maaskofu wakagawana, na mashahidi walipoulizwa kama maskini walipata kitu walijibu hakuna aliyepata. Dobi mmoja alilipa mifuko 20 ili afanywe kasisi.

Ziliposomwa barua za kabla ya kesi, sehemu ya kisa hiki iliyo nzito kuliko zote ikajitokeza. Maaskofu wenzake walikuwa wamemwandikia Silvanus wakimsihi apatane na Nundinarius upesi, kabla ya Pasaka, na jambo limalizwe kati yao bila watu kujua. Walijua. Miaka yote hiyo walikuwa wakijua, huku wakiwaambia waumini kwamba upande wa Caecilianus umetiwa najisi na kosa lilelile.

Kwa nini walificha? Haitoshi kusema walikuwa wanafiki. Mafundisho yao yenyewe yaliwafunga. Ikiwa ubatizo unategemea usafi wa anayebatiza, kumfichua askofu mmoja ni kuubatilisha ubatizo wa maelfu, na upadrisho wa kila aliyemwekea mikono, na ubatizo wa kila aliyebatizwa na hao. Hakuna baraza la kanisa linaloweza kubeba gharama hiyo. Basi litamlinda mkosaji, na litasema linalinda kondoo.

Jibu lililopatikana, na pande zake mbili

Sinodi ya Arles (Ufaransa ya leo), Agosti 314, ilitenganisha mambo ambayo Wadonati waliyachanganya. Mtumishi aliyekabidhi Maandiko, vyombo vya Bwana au majina ya ndugu zake aondolewe katika utumishi, lakini ithibitike kwa kumbukumbu za serikali, siyo kwa maneno matupu. Na kama alikuwa amewawekea wengine mikono, nao wenyewe wanafaa, utumishi wao usitikisike. Kuhusu ubatizo: anayetoka kundi jingine aulizwe imani yake, ikionekana amebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, awekewe mikono tu, asibatizwe tena.

Karibu karne moja baadaye Augustino, askofu wa Hippo, aliipa hoja hiyo mizizi. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Petilianus, askofu wa Kidonati wa Cirta ileile ya Silvanus, aliyefundisha kwamba dhamiri ya anayetoa kwa utakatifu ndiyo inayomsafisha anayepokea. Augustino akamwuliza: na kama dhamiri ya mtoaji ni chafu na mpokeaji hajui, nani aliyemsafisha? Hakukuwa na jibu lisiloirudisha kazi kwa Kristo mwenyewe. Petro akibatiza, Kristo ndiye abatizaye. Yuda akibatiza, Kristo ndiye abatizaye. Mfereji wa mawe, alisema, huotesha kitu? Hauoteshi, lakini maji yanapita hadi kwenye vitalu vya bustani.

Wadonati walijikwaa hata kwa kipimo chao. Mwaka 394 huko Bagai maaskofu wao 310 waliwalaani wenzao waliojitenga chini ya Maximianus. Baadaye waliwapokea tena baadhi yao, kama Felicianus wa Musti, pamoja na watu waliobatizwa wakati wa utengano, bila kuwabatiza upya. Augustino hakuchoka kuwakumbusha.

Walijibizana pia juu ya ngano na magugu ya Mathayo 13. Wadonati walisisitiza kwamba Bwana mwenyewe alisema lile shamba ni ulimwengu, kwa hiyo mfano hauruhusu magugu kanisani. Kwa usomaji wa mstari wa 38 peke yake wana hoja. Lakini wao walidai pia kwamba kanisa lote safi limebaki kwao Afrika tu, wakati shamba ni ulimwengu mzima.

Upande wa washindi nao haukubaki safi. Katika mkutano wa Karthago wa Juni 411, maaskofu wapatao 280 wa kila upande walikusanyika mbele ya Marcellinus, kamishna wa Kaisari, na maaskofu Wakatoliki walikuwa wametoa ahadi nzuri: wakishindwa watajiuzulu, wakishinda watashirikiana uaskofu na wenzao. Mwaka uliofuata sheria ya Kaisari ikaweka faini kwa Wadonati kulingana na cheo cha mtu, na kwa wakulima wa mashamba ikaagiza viboko. Augustino, ambaye mwanzoni alipinga kulazimisha watu, alikuwa tayari ameshakubali, akitumia maneno ya Luka 14 kuhusu kuwashurutisha watu waingie karamuni. Tunamshukuru kwa hoja ya mfereji, na hatumfuati kwenye viboko.

Kisa hiki mezani pa baraza la leo

Msimamo huo haukubaki Afrika ya Kaskazini. Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo Walutheri wanalishika, linasema katika kifungu cha 8 kwamba sakramenti zina nguvu hata zikitolewa na waovu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulisema vivyo hivyo kwa Wakatoliki. Kifungu cha 26 kati ya vile 39 vya Waanglikana kinaongeza jambo ambalo watu hulisahau: watumishi waovu wachunguzwe, washitakiwe na wanaowajua, na wakipatikana na hatia kwa hukumu ya haki, waondolewe. Anayenukuu nusu ya kwanza peke yake ili kumbakiza mkosaji madarakani ametumia fundisho hilo kinyume na kusudi lake. Kwa kuwa zawadi haikuwa ya mtumishi, mtumishi anaweza kuchunguzwa hadharani bila mtu yeyote kupoteza ubatizo wake.

Kwa hiyo tuhuma inapofika kwa wazee wa kanisa, halmashauri ya parokia au ofisi ya askofu, kuna maswali manne, na kila moja lina utaratibu wake. Mambo huharibika pale yanapojibiwa kwa mkupuo.

La kwanza ni huduma zilizokwisha kutolewa. Kwa ubatizo angalia mambo mawili: maji na jina la Utatu. Vikiwapo, cheti kinabaki halali hata kama sahihi iliyopo ni ya mtu aliyefukuzwa, na mtoto habatizwi upya. Ndoa na kitubio vinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu havitegemei maadili ya mhudumu lakini hutegemea mamlaka yake. Kwa Wakatoliki, padre aliyesimamishwa anaweza kukosa idhini ya kusikia maungamo au kufungisha ndoa, ingawa sheria ya kanisa ina kinga kwa waumini walioamini kwa nia njema kwamba anayo. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kiongozi wa dini awe na leseni ya kufungisha ndoa. Kinachotazamwa, basi, ni tarehe: ibada ilifanyika kabla au baada ya kusimamishwa? Swali hilo lipelekwe ofisi ya jimbo au dayosisi, lisiamuliwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha usharika.

La pili ni ushahidi. Mtume Paulo alimwagiza Timotheo asipokee mashitaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu, na mstari unaofuata ukaagiza wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Mistari hiyo miwili ni jozi. Wa kwanza peke yake hugeuka ngao ya wakubwa, na wa pili peke yake huzaa akina Ingentius. Andika tuhuma kwa tarehe, mahali na kiasi. Chukua nyaraka asili, siyo picha iliyotumwa kwa simu, kwa kuwa aya ya kughushi siku hizi hutengenezwa kwa dakika mbili. Anayechunguza asiwe jamaa, mdeni wala mshindani wa mtuhumiwa. Nundinarius alikuwa na ugomvi na askofu wake, na bado alisema kweli. Nia ya mlalamikaji si sababu ya kuacha kusoma kumbukumbu. Kosa likiwa dhidi ya mtoto, au ni ubakaji, polisi na ustawi wa jamii wanaarifiwa siku hiyohiyo. Baraza la kanisa halina mamlaka ya kulisuluhisha, na kikao cha "tuyamalize wenyewe kabla ya Pasaka" ni kushiriki kosa.

La tatu ni nafasi yake ya kazi wakati uchunguzi unaendelea. Kumsimamisha si kumhukumu. Akabidhi kwa maandishi, mbele ya watu wawili, funguo, daftari la ubatizo na ndoa, stakabadhi, mihuri na kadi za benki, kila kitu kikihesabiwa na kutiwa sahihi. Karani wa Cirta aliandika hadi jozi za viatu. Ndiyo sababu miaka 17 baadaye ukweli ulikuwa na pa kusimama. Kwa upande wa fedha, Paulo mwenyewe alikataa kubeba mchango wa Yerusalemu peke yake (2 Wakorintho 8), akatangulizana na ndugu waliochaguliwa na makanisa. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili ambao si wa nyumba moja, iandikwe ikiwa bado mezani, na ipelekwe benki yote kabla ya matumizi yoyote kukatwa.

La nne ni urejesho, na hapa ndipo wema wetu unapotuponza. Msamaha unaweza kutolewa siku ileile mtu anapotubu. Nafasi ya utumishi ni jambo jingine, nayo huangaliwa kwa muda, kwa kurudisha kilichochukuliwa, na kwa kuwauliza walioumizwa. Mwizi wa sadaka anaweza kurudi kuhudumu baada ya miaka, mahali pasipo na fedha. Aliyedhuru watoto anaweza kusamehewa na Mungu na asipewe tena darasa la Jumapili maisha yake yote. Hakuna mgongano kati ya mambo hayo mawili. Yohana Marko aliwaacha wenzake Pamfilia, Paulo akakataa kumchukua tena, Barnaba akamchukua, na mwishoni Paulo huyohuyo aliandika kwamba Marko anamfaa kwa utumishi. Marko hakurudishwa kwa kuficha alichofanya, maana Luka amekiandika wazi.

Waumini nao waambiwe. Tangazo fupi linatosha: mtumishi fulani amesimamishwa tangu tarehe fulani, uchunguzi unafanywa na fulani, huduma zote alizotoa kabla ya tarehe hiyo zinabaki, na mwenye ushahidi aende kwa fulani. Lisomwe katika ibada zote za Jumapili hiyo, ibada ya asubuhi na ya pili, kwa maneno yaleyale. Katika daftari la ubatizo jina la mbatizaji halifutwi wala halifunikwi kwa wino. Linaachwa lilivyo, na kwenye safu ya maelezo hakuandikwi kitu, kwa sababu ukurasa huo ni habari za mtoto.